Maneno ya Watu Watatu Waliopatwa na Kiharusi
(Yalisomwa mbele ya Wakristo na waalimu katika siku za Jubilii)

Tumeitwa kusema habari za wagonjwa, nasi tu watu watatu. Mmoja ni mwalimu, ndiye asomaye. Wa pili ni dada yetu auzaye machungwa kando ya njia kuu. Wa tatu ni mzee wetu, fundi mwashi, aliyejenga ukuta wa makaburi mnaouona kutoka hapa. Mwalimu alipatwa na kiharusi mwaka 2018, dada mwaka 2019, na mzee mwaka 2021. Tumepatana kusema kwa kinywa kimoja, kwa sababu hatuna vinywa vitatu vizima.

Kwanza tuungame kosa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ana shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza miezi miwili, akajiona mzima, akaviacha. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu, na hiyo ndiyo hila yake. Asubuhi moja, alipokuwa akiandika hesabu ubaoni, chaki ikamponyoka. Akainama kuiokota, mkono haukutii. Watoto wakacheka, wakidhani mwalimu afanya mchezo. Kisha wakauona mdomo umekwenda upande, wakanyamaza.

Alichukuliwa nyumbani, si hospitali. Watu wakasema ni upepo mbaya, wakamnywesha uji, akapaliwa. Akalala hivyo hata jioni ya siku ya pili. Hatuwalaumu, walimpenda. Lakini kiharusi si upepo wala jini. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na sehemu ile ya ubongo hufa. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu ugonjwa kuanza, tena baada ya kupiga picha ya ubongo, maana kama mshipa umepasuka dawa hiyo yaweza kuua. Mashine za picha hizo ziko mbali na mashamba yetu. Basi hiyo ni sababu zaidi ya kutokungoja. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mtu apelekwe saa ile ile, wala asipewe chakula wala maji kabla ya kujulikana kama aweza kumeza, yasije yakaingia mapafuni.

Mzee wetu alipooza upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio utawalao kushoto kwa mwili. Lakini jambo lililowashangaza watu ni sahani. Alikula wali wa upande wa kulia, akauacha wa kushoto, kisha akamgombeza mkewe kwamba ampunja. Mkewe akaigeuza sahani, na mzee akaona wali umetokea! Walidhani ameingiwa na wazimu. Macho yake yalikuwa mazima. Ubongo ndio uliosahau kwamba kuna kushoto. Mjukuu wake akamfunga kitambaa chekundu katika mkono ule, na kila alipokula akamwambia, "Babu, tafuta chekundu." Leo huiona sahani yote, ingawa mlango bado huugonga kwa bega la kushoto, na mlango ndio ulaumiwao.

Kupona kwetu si kama kupona homa. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, ila zilizobaki zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, nazo hujifunza kwa kurudia tu, kama mtoto ajifunzavyo herufi. Vidole vya mwalimu vilipoanza kutikisika, aliwekewa ubao wa bao mbele yake, na mkono mzima ukafungwa kwa kanga ya mkewe, usije ukaiba kazi. Kete moja katika shimo moja, mara 100 asubuhi, mara 100 jioni. Kushika kulirudi mapema. Kuachia ndiko kulikokuwa kugumu. Wiki 6 aliishika kete isimtoke. Siku ilipoanguka yenyewe shimoni, alilia. Nasi hulia upesi, wakati mwingine hata pasipo huzuni. Ni kazi ya ugonjwa huu, msituulize kuna nini. Wala msituinue kwa kuuvuta mkono uliopooza. Wageni walimvuta mwalimu hivyo kwa mapenzi, bega likateguka.

Lakini lililotuumiza kuliko bega ni hili. Mwalimu alipoomba kurudi shuleni, mkubwa mmoja alimtazama mkewe, akauliza, "Huyu bado ana akili?" Mwalimu alikuwa ameketi hapo hapo. Alisikia. Alirudi darasani mwaka 2020, akiandika kwa mkono wa kushoto, na watoto wa darasa la kwanza wakafurahi kwamba herufi zake zafanana na zao.

Dada yetu alipotewa na maneno yote ila moja: "kumbe." Alijua watu, alijua hesabu ya chenji, lakini kila alilotaka kusema lilitoka "kumbe," na wapo waliomlipa pungufu kwa sababu hiyo. Krismasi ya mwaka ule kwaya ilipoanza wimbo, naye akaimba, maneno yote, safi. Watu wakapiga vigelegele. Kesho yake akasema "kumbe," na wengine wakanong'ona kwamba ajifanya. Hajifanyi. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia, asiyeweza kusema neno ila "ndiyo". Lakini tenzi alizozijua kabla ya ugonjwa aliziimba wazi, mradi mwingine aimbe naye kidogo mwanzoni. Kwa watu walio wengi maneno ya kusema hukaa upande wa kushoto wa ubongo, bali katika kuimba upande wa kulia husaidia pia. Ndipo dada akafundishwa kuyaimba maneno ya kazi yake, akipigapiga meza kwa mkono wa kushoto: ma-chu-ngwa, ma-ta-mu. Mpite njiani mmsikie. Akikwama, mngojeni, msimmalizie neno lake.

Leo amekubali kuimba mbele yenu. Kwaya, twawaomba mumpe neno la kwanza tu, kisha mnyamaze.