Hati kwa Jina la Nani? Wanawake Walowezi katika Nyika za Marekani



Nimeombwa nizungumzie maisha ya wanawake waliokwenda kufungua mashamba mapya magharibi ya Marekani katika karne ya 19. Filamu zimetuzoesha picha ya mama aliyevaa kofia ya kitambaa, ameketi kwenye gari linalokokotwa na maksai, amempakata mtoto, anatazama mbali. Mimi nitaanzia kwenye ofisi ya ardhi, kwa sababu ndiko yalikoamuliwa mengi ambayo baadaye yalisifiwa kama uvumilivu wa akina mama.

Sheria ya Homestead ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mtu aliyetimiza miaka 21, au aliyekuwa mkuu wa kaya, raia au aliyetangaza nia ya kuwa raia, aliweza kuandikishiwa ekari 160 kwa ada ndogo. Akiishi humo miaka 5, akajenga na kulima, alirudi ofisini na mashahidi, akaapa, akapewa hati. Sheria haikutaja jinsia. Msichana wa miaka 21 ambaye hajaolewa aliweza kuomba, vivyo hivyo mjane, mtalika, hata mke aliyetelekezwa. Aliyebaki nje ni mke anayeishi na mumewe. Huyo, kwa macho ya sheria, hakuwa mkuu wa chochote.

Hoja yangu ni hii: sheria ilimpa mwanamke ardhi kwa sharti kwamba asiwe na mume, halafu ikaweka masharti mengine ambayo mwanamume wa kawaida asingeyatimiza bila mke.

Kulikuwa na mfano tofauti kabla ya hapo. Huko Oregon, sheria ya mwaka 1850 iliwapa mke na mume walowezi ekari 640, na nusu yake iliandikwa kwa jina la mke mwenyewe. Jambo jema, mtasema. Lakini mwanamume asiye na mke alipata ekari 320 tu, kwa hiyo wakaanza kutafutwa wachumba wa haraka, na wasichana wadogo mno wakaozwa ili ekari zitimie. Anayedhani kuandika jina la mwanamke kwenye hati kunatosha, aitazame Oregon.

Nyumba, maji na upweke

Nyika za Nebraska, Kansas na Dakota hazikuwa na miti ya kutosha. Watu walikata ardhi yenyewe kwa plau, ikatoka katika mapande marefu yaliyoshikwa na mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali. Nyumba hiyo ilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, lakini paa lilivuja matope siku mbili baada ya mvua kukatika. Akina mama walitandika kitambaa chini ya dari ili udongo na nyoka wasidondokee chakulani. Kuni hakuna, kwa hiyo walipikia mavi makavu ya nyati, na nyati walipokwisha, ya ng'ombe, pamoja na magunzi ya mahindi na nyasi zilizosokotwa. Moto wa nyasi hauachwi peke yake hata kidogo, na aliyeukalia alikuwa mama.

Maji yalibebwa kutoka kijito au kisima. Siku ya kufua, maji yaleyale yalitumika mara ya pili na ya tatu, na sabuni ilipikwa nyumbani kwa mafuta ya nguruwe na maji ya jivu. Kuhusu nzige wa mwaka 1874, waliokula hadi nguo kwenye kamba, na dhoruba ya theluji ya tarehe 12 Januari 1888, iliyowakuta watoto wengi njiani kutoka shule, vimeandikwa vitabu vingi, nami sina la kuongeza.

La kuongeza ninalo kuhusu upweke. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba ulitokana na ukubwa wa nyika. Sehemu yake kubwa ilitokana na sheria. Kila mwenye shamba alilazimika kulala ndani ya ekari zake 160, kwa hiyo nyumba zilitawanyika, wala vijiji havikuweza kuota. Mwanamume alikwenda mjini kuuza nafaka na kununua vifaa, mke alibaki. Mwaka 1893 mwandishi E. V. Smalley alichapisha makala katika jarida la Atlantic Monthly kuhusu upweke huo, akapendekeza wakulima waishi vijijini na kwenda mashambani asubuhi, kama ilivyokuwa Ulaya. Sisi tuliozaliwa vijijini tunaweza kushangaa kwamba jambo hilo lilihitaji makala.

Upweke haukumpata kila mtu kwa namna moja. Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na Waamerika weusi, wengi wao waliozaliwa utumwani Kentucky. Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika mwaka uliofuata. Baadaye alisimulia jinsi alivyouliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini: watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo yaliyochimbwa. Alilia. Lakini hawa walikuja kama kundi, na makanisa yao, wakiwa karibu karibu. Kwa maoni yangu hilo liliwasaidia kuliko ubora wa udongo.

Siagi

Ngano ilikuwa zao la mume, nayo ilitegemea mvua, nzige na bei ya reli. Mwaka ilipokosekana, familia haikufa njaa, na sababu ilikuwa uani: kuku na ng'ombe wawili watatu. Mama alisukasuka maziwa, akapeleka siagi na mayai dukani, akarudi na kahawa, sukari, kitambaa na viatu. Hapakuwa na fedha taslimu katika biashara hiyo, na ndiyo maana haikuonekana kwenye hesabu za shamba. Lakini miaka 5 ya sharti la sheria ililiwa humo. Siku ya kiapo, mume alitaja ekari alizolima na urefu wa nyumba yake. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika siagi.

Wasio na waume

Walioomba kwa majina yao walikuwa wachache kati ya waombaji wote, ingawa hesabu yao iliongezeka baada ya mwaka 1900. Wengi walifundisha shule au walishona ili kupata fedha za kumlipa jirani mwenye plau. Wengine walikuwa ndugu au marafiki waliopakanisha mashamba yao ili wasiishi peke yao. Mpiga picha Solomon Butcher aliwapiga picha akina dada wanne wa familia ya Chrisman mbele ya nyumba ya udongo katika wilaya ya Custer, Nebraska, mwaka 1886. Lizzie aliomba shamba mwaka 1887, Lutie mwaka uliofuata, na wadogo ilibidi wangoje umri. Walizunguka nyumba kwa nyumba ili kila mmoja asikae peke yake na sharti la ukaazi litimie.

Elinore Pruitt Stewart ndiye maarufu kuliko wote. Alikuwa akifua nguo za watu mjini Denver, ana binti mdogo, akaenda Burnt Fork, Wyoming, mwaka 1909 kuwa mtunza nyumba wa mfugaji Clyde Stewart. Aliomba ardhi jirani na ya tajiri wake, na baada ya wiki moja hivi wakaoana. Mpaka ulipita karibu sana na nyumba ya Clyde, kwa hiyo chumba cha Elinore kiliunganishwa na nyumba hiyo. Barua zake, zilizotoka kama kitabu mwaka 1914, ziliwahimiza wanawake maskini wa mijini wafanye kama yeye. Wanahistoria walipofungua jalada lake waliona kwamba mwaka 1912 aliiachia ardhi hiyo, na aliyeichukua ni mama mkwe wake. Mke na mume kuwa na makazi mawili kisheria kulikuwa na mashaka. Mama mkwe mjane hakuwa na tatizo hilo. Simwiti mwongo. Aliifahamu sheria kuliko wasomaji wake.

Waliokuwapo

Haya yote yalifanyika kwenye ardhi iliyoitwa tupu. Kando ya mto Missouri, katika Dakota ya Kaskazini ya leo, wanawake wa Kihidatsa, wenyeji wa huko, walilima mahindi, maharage, maboga na alizeti kwa majembe ya mfupa wa bega la nyati. Mashamba yalikuwa ya wanawake, wakilima pamoja mama, dada na mabinti. Mmoja wao, Waheenee, alimsimulia mtafiti Gilbert Wilson kila kitu, kuanzia kupanda hadi shimo la kuhifadhi nafaka, na simulizi hiyo ikachapishwa mwaka 1917. Anaeleza pia kwamba haikuwa desturi njema kugombania mipaka.

Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Dawes, ya kugawa ardhi za wenyeji kwa mtu mmoja mmoja na kuuza ziada kwa walowezi. Mkuu wa familia alipewa ekari 160, asiye na ndoa mwenye zaidi ya miaka 18 ekari 80. Mke hakutajwa. Sheria ilirekebishwa mwaka 1891, kila mtu akapewa ekari 80, awe na ndoa au asiwe nayo. Kwa walowezi wenyewe hakuna kilichobadilika: mke anayeishi na mumewe bado hakuruhusiwa kwenda ofisi ya ardhi kuomba ekari zake.