Waliopona Nao Wana Msiba



Kwetu msiba una taratibu zake. Mtu akifariki, hakuna anayeuliza la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinaletwa, masufuria yanatoka kwa jirani, na wanawake wanakaa mkekani na mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Aliye mbali anatuma rambirambi kwa simu. Lakini mwanamke akirudi kutoka hospitalini akiwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, amemaliza kemo na mionzi, sisi hao hao tunampokea kwa vigelegele: mshukuru Mungu, umepona. Kisha kila mtu anashika njia yake.

Ninasema leo kwamba mwanamke huyu amefiwa, na anastahili kukaliwa matanga.

Watu hudhani ugonjwa ukiisha mwili unarudi ulivyokuwa. Haurudi. Kovu linavuta kila anaponyoosha mkono kuanika nguo. Daktari akiondoa tezi za kwapani, maji ya mwilini hukosa njia ya kupita, na mkono wa upande ule unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye. Ndio mkono aliokuwa akichotea maji na kubebea mtoto. Wengi wanaandikiwa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, na vidonge hivyo vinaleta joto la ghafla usiku wa manane mpaka shuka linalowa. Hedhi inaweza kukoma kabla ya wakati wake, na mwanamke aliyekuwa akitumaini mtoto mwingine akaona matumaini yanayeyuka bila mtu wa kumpa pole. Ikifika tarehe ya kliniki, wiki nzima usingizi hauji. Kila maumivu ya mgongo yanamwogopesha: je, imerudi?

Hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2020 walikuwepo duniani wanawake milioni 7.8 walio hai ambao waligunduliwa na saratani ya matiti katika miaka 5 iliyotangulia. Wengine ni jirani zetu, na wanapita sokoni wamejifunga mtandio hatujui.

Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, ikifika, vyombo vya habari vinawaita studioni. Tunawavika utepe wa waridi, tunawaita mashujaa, na maswali ni yale yale: uligunduaje, ulitibiwa wapi, una ujumbe gani kwa akina mama. Ushujaa huo ni wa kweli, wala siupingi. Ila shujaa haruhusiwi kulia hadharani. Nimemsikia mama mmoja akimaliza mahojiano kwa tabasamu zuri, kisha akanyamaza kidogo kwenye korido, ndipo akamwambia mwenzake kwamba hajajitazama kwenye kioo tangu alipofunguliwa bendeji. Jambo hilo halikuulizwa kule ndani, na mimi naona ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote aliyoyasema.

Mahali linapoweza kusemwa ni kwenye vikundi vyao wenyewe. Huko Thika nchini Kenya yupo fundi wa nguo, manusura wa saratani, ambaye anafuma matiti ya uzi na kuwafundisha wenzake kufuma. Kazi yenyewe ni ya mkono: uzi laini, sindano ya kufumia, mzunguko unaoanzia kwenye chuchu na kupanuka hadi ulingane na titi lililobaki, kisha ndani panajazwa nyuzi nyepesi na kufungwa. Linakaa ndani ya sidiria, halichomi kovu, na likichafuka linafuliwa. Matiti ya silikoni yanayouzwa ni ghali mno kwa mama anayeishi kwa kibarua, na kabla ya matiti haya ya uzi wengi walikuwa wakijaza soksi au vitambaa ambavyo huteleza mtu akiinama.

Lakini tazama kinachotendeka wakati wa kufuma. Macho yako chini kwenye uzi, hakuna anayemkodolea mwenzake, na maneno yanatoka. Mmoja anasema mumewe alihamia chumba kingine. Mwingine anaeleza alivyomjibu mwanawe mdogo aliyeuliza titi limekwenda wapi. Wanawake wa pwani wanaoshona kofia au kusuka ukili barazani wanalijua jambo hili toka enzi: mikono ikishughulika, kifua kinafunguka.

Wapo wasiotaka titi la bandia hata kidogo, na wana haki. Mshairi Audre Lorde, Mmarekani Mweusi, aliondolewa titi mwaka 1978. Akiwa bado hospitalini, mama mmoja wa kujitolea alimletea kipande cha sufu laini akiweke ndani ya sidiria ili asionekane tofauti. Baadaye, alipokwenda kwa daktari bila kukivaa, muuguzi alimweleza kwamba anawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde alikataa. Mwaka 1980 alichapisha kitabu, The Cancer Journals, akichanganya kurasa za shajara yake na makala, na hoja yake moja imenikaa: wanawake waliokatwa titi wakijificha wote, watajuanaje? Mwenzio anapanda daladala moja na wewe, ana kovu kama lako, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mwanamke wa Thika na Lorde wanaonekana kupingana juu ya nini kivaliwe, lakini kwa macho yangu wamefanya kazi moja. Kila mmoja alikishika kidonda chake akakitengenezea kitu ambacho mwenzake anaweza kukishika.

Na sisi tulio na Kiswahili hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza kwamba mgonjwa anaweza kutunga. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, anaeleza katika utendi wake kwamba maradhi yamemkamata mwaka mzima. Anamwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi, amwachie maneno. Maradhi yake siyafananishi na haya. Ninachokitazama ni kwamba hakungoja apone ndipo atunge, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo, ilhali utendi tunausoma hadi leo. Mama aliye kwenye matibabu sasa hivi anaweza kumrekodia mwanawe sauti kwenye simu. Anaweza kuandika beti, au hadithi ya jinsi alivyokutana na baba yao. Asiambiwe kwamba anajitabiria kifo.

Maana kifo kipo katikati ya manusura hawa, na huu ndio msiba wa pili. Utafiti uliowafuata wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa kila wanawake 100 waliofariki kabla ya miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Katika kundi la WhatsApp la manusura, mwenzao akiondoka, namba yake hubaki na picha yake ya siku ya harusi ya bintiye, na hakuna anayetaka kuwa msimamizi wa kuitoa. Anayebaki hujiuliza kwa nini yeye ameachwa. Anazika mtu aliyekuwa akimshika mkono kwenye dripu, lakini msibani anakaa nyuma, kwa kuwa si ndugu wala hahesabiwi miongoni mwa wafiwa.

Kanada wameutafutia msiba huu njia. Mwaka 1996, mjini Vancouver, daktari Don McKenzie aliwaweka manusura 24 kwenye mtumbwi mrefu wa kupiga kasia, wakati madaktari wengi walikuwa wakiwakataza kutumia mkono kwa nguvu wasije wakavimba. Walipiga kasia msimu mzima na uvimbe haukuwapata. Siku hizi mitumbwi ya manusura iko katika nchi nyingi, na wanapokutana kwa mashindano husimamisha makasia, wakaisogeza mitumbwi pamoja, na kurusha maua majini kwa ajili ya waliotangulia. Wanalia hapo hapo mbele ya watu, kisha wanaendelea kupiga kasia.

Hatuna haja ya kuiga maua yao. Tuna hitima, tuna misa za kumbukumbu, tuna ngoma na mashairi. Kinachokosekana ni mlango. Hospitali zinazotoa kemo zina nafasi ya viti vya dripu. Zitenge pia chumba kimoja chenye meza, uzi na mshauri nasaha, kisha mgonjwa aandikiwe siku ya kikundi kwenye kadi ile ile anayoandikiwa tarehe ya kliniki. Nauli iwemo kwenye bajeti, maana wengi hukosa kikundi kwa kukosa nauli. Viongozi wa misikiti na makanisa watangaze vikundi hivi wanapotangaza harusi na mazishi. Na mwenzao akifariki, familia itenge mkeka kwa ajili yao karibu na ndugu, na anayesoma wasifu wa marehemu awataje kama wafiwa.