Mtoto Asiyeona Vizuri ni Wetu Sote



Leo tunakumbuka 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Kwenye nembo ya taifa letu imeandikwa: Uhuru na Umoja. Tuzungumze kidogo juu ya huo umoja.

Miaka michache iliyopita, katika sherehe kama hii, taa zilipunguzwa ili muziki uanze. Mtoto wetu mmoja akaparamia kiti, akamwaga sahani ya pilau. Tukacheka. Tukamwita mtundu, tukamwambia mama yake amfunze adabu. Wauguzi tulikuwemo ukumbini, wenye shahada tulizozisomea hapa hapa Uingereza, na tulicheka na wenzetu. Baadaye ikajulikana kuwa ana ugonjwa wa kurithi wa retina, kwenye mwanga hafifu haoni. Mama yule akaacha kuja kwenye shughuli zetu, na sababu tulikuwa sisi. Ametupa ruhusa kulisema hili leo.

Basi tujue dalili. Mtoto anayesogeza simu mpaka puani, anayeinamisha kichwa upande mmoja akitazama, mwenye makengeza au macho yanayochezacheza, anayejikwaa jioni, apelekwe kupimwa. Mboni ikionekana nyeupe kwenye picha, tumwone GP mara moja, kwa sababu huenda ikawa saratani ya jicho. Tusimtie machoni dawa za kienyeji, wala tusiulize nani kamroga.

Hapa England mtoto mchanga humulikwa macho ndani ya saa 72, kisha tena akiwa na wiki 6 hadi 8. Tusikose miadi hiyo. Walio chini ya miaka 16 hupimwa macho bure kwenye maduka ya miwani.

Uoni ukionekana umepungua sana, tumwulize daktari bingwa wa macho kuhusu cheti cha ulemavu wa kuona. Tuiombe halmashauri mwalimu maalumu wa watoto wasioona vizuri. Huyo huenda nyumbani hata kabla mtoto hajaanza shule, na ndiye hushauri juu ya maandishi makubwa, nukta nundu na vifaa vya darasani. Ipo pia posho ya ulemavu kwa walio chini ya miaka 16, isiyoangalia mshahara wa mzazi. Wenye viza zenye masharti wapate ushauri kwanza kabla ya kuomba posho, ila shule isiwatie hofu.

Fomu ni ndefu, na Kiingereza chake kinachosha. Wauguzi wa jumuiya hii tutakaa na mzazi yeyote, tuzijaze pamoja, na tutamsindikiza hospitali asiende peke yake.

Nanyi watoto, mkimkaribia mwenzenu asiyeona vizuri, tajeni majina yenu kwanza. Msimvute mkono. Mpeni kiwiko akishike, mtangulie hatua moja. Mwiteni kwenye mchezo, atawaambia mwenyewe anachoweza.

Leo mama yule na mwanawe wamekuja. Wamekaa meza ya mbele. Tumesogeza viti, njia iko wazi, na muziki ukianza, taa hatutazipunguza.

Heri ya Uhuru.