Pensheni ya Uingereza, Nyumba ya Malindi

Msikilizaji, wewe uliyefanya kazi Uingereza na sasa unataka kuzeekea Malindi au Kilwa, liko jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshahama. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili, lakini si kwa anayeishi Kenya au Tanzania. Ukihamia huku ukiwa unapokea pauni 180 kwa wiki, baada ya miaka 15 utapokea pauni 180 zile zile, na bei ya unga haitakusubiri. Aliyehamia Mauritius huongezewa, kwa kuwa nchi hiyo ina mkataba na Uingereza kuhusu jambo hilo. Hii ni dhuluma, maana mlikatwa michango kwa sheria ile ile.

Basi piga hesabu ya miaka yako ya 80, si ya mwaka wa kwanza. Weka fungu la matibabu. Weka na la nyumba, kwani hewa ya chumvi hula mabati, nondo, hata friji. Asiye raia wa Kenya hupata ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kabla ya kutoa arubuni, nenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi ukaikague hati.