Ajali ina kinga



Juma lililopita nilikuwa msibani hapa kwetu Chang'ombe, Dodoma. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakishindana usiku katika barabara ya mtaa, na mmoja wao akamgonga mama aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya kufunga genge lake la nyanya na vitunguu. Mama yule hakufika hospitali. Msibani, kila aliyesimama kuzungumza alimalizia kwa maneno tuliyoyazoea: ajali haina kinga. Nami niliitikia kwa kichwa kama wengine. Lakini njiani kurudi nyumbani nikajiuliza, kweli haina?

Leo naomba niwajibu kwa habari za mbio za magari.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kila Pasaka alikuwa akiweka redio dirishani, nasi watoto tukanyamazishwa, ili asikie nani anaongoza Safari Rally. Mbio zile zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari Rally.

Siku zile hapakuwa na barabara ya mashindano. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo hadi kituo, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa dhidi yake. Katikati ya vituo barabara ilikuwa ya wote: mabasi, malori, baiskeli na wachungaji na ng'ombe wao. Baba alisimulia jinsi alivyokutana na gari la mashindano upande wa Arusha. Alilipeleka lori lake mtaroni, gari likapita, na vumbi lilipotulia akashuka akapiga makofi.

Yalikuwa mashindano ya uvumilivu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Matope yalikuwa hakimu. Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982. Wageni walihangaika miaka mingi mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipofungua njia mwaka 1972.

Baadaye mbio zikabaki Kenya peke yake, na makampuni makubwa ya magari yakamwaga fedha. Magari yakapata nguvu ambazo baba asingeziota. Lakini barabara ikabaki ile ile ya wote. Basi wakafunga vyuma vinene mbele ya magari, na helikopta zikaruka mbele yake, mtu akichungulia kama kuna ng'ombe, basi au mtoto, amwonye dereva kwa redio. Hebu fikirini: mwendo ulikuwa umeizidi barabara hata jicho la dereva likapandishwa angani.

Wakati huo wote Uingereza walikuwa wameshika njia nyingine. Mwaka 1960 waandaaji wa mashindano ya RAC walipata ruhusa ya kutumia barabara za ndani ya misitu ya serikali. Maana yake ni rahisi. Barabara inafungwa, magari yanaachiwa moja moja, saa inahesabu. Ukitoka msituni na kuingia barabara ya watu, wewe ni raia kama raia wengine na sheria zote zinakuhusu. Mtindo huo ukaenea duniani. Si kwamba damu ilikoma. Mwaka 1986 huko Ureno gari liliingia katika umati uliokuwa umesogea hadi barabarani, watazamaji watatu wakafa. Lakini hawakusema ajali haina kinga. Magari ya kundi lile yalipigwa marufuku katika mashindano ya dunia kuanzia mwaka 1987.

Safari Rally nayo ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi mwaka 2021, ilikuwa Naivasha, mashindano yenyewe yakiwa kilomita 320 hivi, katika njia zilizofungwa kwa ajili hiyo. Enzi za baba msafara ulizidi kilomita 5,000. Wazee wenzangu wananung'unika kwamba hiyo si Safari tena. Mimi pia nanung'unika. Zamani mbio zilimfuata mtu mlangoni pake. Sasa mtu anazifuata mbio. Kitu kimepotea, sikatai. Lakini kilipotea ili mchungaji na basi wapite salama.

Sasa tazameni kwetu. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, ile ambayo baba aliipita kwa vumbi na matope, ilizinduliwa mwaka 2018. Mji umepanuka, pikipiki zimejaa. Bingwa wa dunia akimaliza kipande chake cha mashindano anaingia barabara ya umma na kufuata sheria. Kijana wetu, bila hata kofia ngumu, anashindana mbele ya genge la nyanya. Mbio zimepata njia yake. Mwendo wake umebaki mitaani kwetu.

Tuweke matuta, tuweke taa, na wakubwa watusaidie kulisukuma hilo. Lakini kuna jambo lisilohitaji bajeti. Mara ngapi nimepanda bodaboda nikasema, "Kijana, ongeza mwendo, nimechelewa"? Mara nyingi. Na mara ngapi tumekaa vibarazani, vijana wakapita wakikimbizana, tukacheka na kuwashangilia? Baba alimpigia makofi dereva aliyejua kituo chake na muda wake. Sisi tunampigia nani?

Genge la yule mama bado limefungwa. Kila asubuhi nalipita. Siku nyingine mtu akiniambia ajali haina kinga, sitaitikia kwa kichwa.