Vipande vya Mbao Vinavyobaki Tukijenga

Maneno yaliyosemwa na komite kwa mkutano wa wanachama, Irumu

Leo hatutasema juu ya mabati. Tutasema juu ya moto wa jikoni, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Tulipomaliza kuezeka nyumba za kwanza, kulibaki lundo la vipande vya mbao. Kuni Bunia iko bei sana, na kwenda kuitafuta porini wamama wetu wanaogopa, mnajua sababu. Basi tukagawia wazee na wajane lile lundo, tukapiga na picha. Hatukuchagua. Mle ndani kulikuwa vichwa vya miti tuliyoipaka mafuta ya vidanji juu ya mchwa. Siku mbili tu, bibi mmoja akamtuma mjukuu: "Waambie komite, kuni zao zinatutoa machozi." Alikuwa amekohoa usiku mzima, na mtoto pia. Tulipofika, ukuta mpya ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria.

Vidanji imetoka ndani ya injini. Imebeba vyuma vilivyosagika mle, na inaweza kuwa na risasi, ile madini, si masasi ya bunduki. Ukichoma, havipotei. Vingine vinapanda na moshi, vingine vinabaki kwa majivu. Na majivu sisi hatutupi! Tunachanganya na maharagwe ya mbegu fukusi wasiingie, tunamwaga kwa lengalenga, tunasugulia sahani. Bibi yule alikuwa amekwisha kuyatia kwa debe lake. Tulimrudishia debe lingine.

Moshi wa kuni safi peke yake ni mbaya tayari. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 juu ya moshi wa kupikia nyumbani.

Sasa tufanye hivi. Mbao tupu, ya mkaratusi ao nyingine, isiyopakwa kitu, ni kuni nzuri ikiwa kavu. Lakini inawaka mbio. Ukijaza jiko, ndimi zinafika kwa majani ya paa. Tia vipande viwili vitatu pamoja na gogo zito. Wale waliokaa Kyangwali, kule Uganda, na wanajua kujenga jiko la udongo lenye mdomo mdogo, wafundishe wengine: linataka vipande vifupi, na sisi tuko navyo.

Mbao za kofraji, gonga saruji itoke, lakini uulize fundi kwanza, maana wengi wanazipaka mafuta ili zege lisishike. Ng'oa misumari yote. Majivu yanamwagwa uani na mtoto anapita bila viatu.

Mlango wa zamani wenye rangi, uliookolewa kwa nyumba iliyochomwa, usiutie motoni. Rangi za zamani nyingine zina risasi. Tripleksi pia hapana, moshi wa gundi yake ni mkali. Na mti wa kijani uliotiwa dawa kiwandani, huo hata nje usichome: dawa yake inaweza kuwa na arseniki, sumu isiyoishia kwa moto.

Kuwasha na sasheti ao kipande cha hema, tuache. Fundi seremala anatupa maranda kila siku, tumuombe.

Wafadhili, tunawaambia wazi: mbao zile zilinunuliwa na pesa yenu, na ile picha ya wajane wanaocheka ndiyo ya kuni zile zile. Tulipita nyumba kwa nyumba kuzichukua tena. Nyumba nyingine tulikuta zimekwisha. Bibi bado anakohoa asubuhi, na tumekubaliana kumpeleka kituo cha afya kwa pesa ya mfuko.

Jumamosi tunachagua lundo la pili kabla ya kumgawia mtu yeyote. Vilivyopakwa vidanji tutavipigia ua wa choo. Msumeno wetu ni mmoja, na meno yake yamekwisha. Mwenye mwingine aje nao.