Vikapu 12 vya mabaki



Baridi ya Lubumbashi inaelekea kwisha, na Septemba inakuja na masomo ya watoto. Kila mama anahesabu franka mara mbili kabla ya kwenda soko la Kenya. Je, Mungu anajali hesabu hiyo?

Someni Yoane sura ya 6. Yesu alilisha maelfu ya watu kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Wote wakashiba. Kisha akaagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Mwenye kufanya muujiza hakutupa hata kipande!

Basi, kutunza kidogo ni utii. Unganeni na jirani, nunueni kiloba kimoja cha unga, mgawane. Lakini akiba si ubahili. Usimkaze mama wa lengalenga kwa bei mpaka akose faida. Yeye pia ana watoto wa kusomesha.

Tena kumbukeni: watu walishiba kwanza, ndipo mabaki yakakusanywa. Usiwanyime watoto viazi vya kuchoma na kalanga jioni, mkiota moto pamoja uani. Furaha hiyo ni ya franka chache, nayo imetoka kwa Bwana. Mshukuruni leo hii. Amina.